Macho ya Sori Hayafiki Landhies

Mtu wa Sori, huku Karungu kando ya ziwa, hutoka asubuhi akaurudisha mlango bila kufuli, akateremka ufuoni kungoja mashua zinazorudi na omena, na akirejea hukuta kila kitu mahali pake. Si kwamba Karungu haina wezi. Wezi wapo popote penye mali, na ufuoni pesa hupita mikononi kila alfajiri. Kinachoulinda ule mlango ni macho. Mama anayeanika omena juu ya wavu, kijana wa bodaboda anayengoja abiria, mwenye kibanda cha M-Pesa, wote wanajua nyumba ile ni ya nani, na mtu wasiyemfahamu akiikaribia ataulizwa anamtafuta nani. Ulinzi huo hauna sare wala mshahara, na kwa kuwa mtu amezaliwa akaukuta, hajui kwamba ni ulinzi. Huujua siku anapoukosa. Siku hiyo kwa wengi wetu ni siku ya kushuka basi Nairobi, kilomita 400 hivi kutoka ziwani, mahali ambapo maelfu wanakupita kwa saa moja na hakuna hata mmoja anayejua wewe ni mwana wa nani.

Ushauri tunaowapa wasafiri wetu haujalitazama jambo hili. Tunamsindikiza mtu hadi kwenye basi, tunampa chapati na mayai ya kuchemsha, na neno la mwisho ni lile lile: kuwa macho. Ni neno jema lakini halitoshi, kwa sababu macho mawili ya mtu mmoja aliyekesha barabarani hayawezi kufanya kazi ya macho ya kijiji kizima. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba usalama wa mgeni mjini unategemea kujulikana kuliko unavyotegemea uhodari. Anahitaji awepo mtu anayejua ametoka saa ngapi, anashukia wapi, anaelekea kwa nani, na atakayepiga simu akichelewa. Hata ushauri mwingine wote, wa pesa, wa simu na wa vyumba vya kulala, hupata maana ukitazamwa kwa jicho hilo.

Wasomaji wa Kiswahili hatuna mfano wa karibu, wala wenye uchungu, kuliko wa Profesa Ken Walibora, mwandishi wa Siku Njema. Tarehe 10 Aprili 2020 aligongwa na matatu kwenye Barabara ya Landhies, jirani na Muthurwa na kituo cha Country Bus, akafa. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa, na habari kwamba mwili wake umo mochari ya Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilitufikia tarehe 15. Uchunguzi wa maiti ulionyesha pia jeraha la kisu mkononi, likazua maswali mengi kuhusu dakika zake za mwisho. Walibora hakuwa mgeni Nairobi. Alikuwa amefanya kazi ya utangazaji humo, na kizazi kizima cha wanafunzi wa shule za upili kilikua kikisoma maandishi yake. Ikiwa mtu wa aina hiyo aliweza kulala siku zote hizo katika jiji alilolijua bila watu wake kujua yuko wapi, basi mgonjwa aliyetoka Karungu na barua ya rufaa, au kijana anayekwenda kuripoti chuoni, hana budi kujiuliza: nikianguka leo pale Landhies, nani atajua, na atajua baada ya muda gani?

Landhies ina funzo jingine. Msafiri wetu huogopa mwizi peke yake, akasahau gari. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kundi kubwa kuliko yote ni la wanaotembea kwa miguu. Mgeni hushika mfuko kwa mikono miwili, akatupa macho nyuma kumwangalia anayemfuata, na wakati huo huo anaingia barabarani. Sori magari ni machache na husikika yakija. Landhies matatu hupanda ukingo wa barabara kukwepa msongamano, na bodaboda huja kinyume cha mkondo hata pale ambapo magari yote yanapaswa kuelekea upande mmoja. Tazama pande zote mbili hata kama unaambiwa barabara ni ya njia moja. Vuka pamoja na wenyeji wanapovuka. Penye daraja la waenda kwa miguu, kama yalivyo mengi kwenye Barabara ya Thika, panda hata kama umechoka na mzigo ni mzito.

Tuanze basi safari ilipoanzia, maana nusu ya usalama huamuliwa kabla ya kukata tiketi. Jambo la kwanza ni kuuliza kama safari yenyewe ni ya lazima. Pasipoti inaombwa kwa mtandao wa eCitizen na ofisi ya uhamiaji ipo Kisumu. Vituo vya Huduma vipo Migori na Homa Bay. Wagonjwa wengi wanaokimbizwa Nairobi wangeweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, hapo Kisumu, na daktari wa Karungu anayeandika barua ya rufaa ndiye wa kuulizwa hilo waziwazi. Jambo la pili ni kalenda. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara kuu za kuingia Nairobi, na mabasi zaidi ya kumi yaliyosafiri usiku yakakwama Kabete, abiria wakiwa na watoto na mizigo, mji wakiuona kwa mbali. Kabete ndipo wanapopita watu wetu wanaotoka Narok na Mai Mahiu. Tangu maandamano ya Juni 2024, miezi ya Juni na Julai ina tarehe ambazo msafiri mwenye hiari anapaswa kuziruka. Na mvua za Aprili ziogopwe pia: usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka juu ya Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu na kukata barabara.

Suala la basi la usiku linahitaji ukweli zaidi kuliko tulivyozoea kuambiana. Ni rahisi kumwambia mtu asafiri mchana. Lakini basi la mchana huingia Nairobi jioni, giza likianza, na mtu asiye na pa kulala atalipia chumba, pesa ambayo kwa muuza omena ni faida ya wiki nzima. Basi la usiku humpa kitanda cha kukaa na kumfikisha alfajiri, akafanya shughuli yake, akarudi usiku huo huo. Siwezi kumlaumu. Hata hivyo ajali za usiku haziangalii hali ya mtu. Ajali ya Migaa ya 31 Desemba 2017 iliua watu 36, serikali ikasimamisha safari za usiku za magari ya abiria, kisha ikaziruhusu tena kwa masharti. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi usiku kuelekea magharibi lilianguka Fort Ternan, watu zaidi ya 50 wakafa, na ikabainika kwamba halikuwa na leseni ya kusafiri usiku. Kwa hiyo mwenye kulazimika kusafiri usiku aulize maswali mawili ofisini: basi lina madereva wangapi, na lina kibali cha usiku? Akijibiwa kwa ukali, ajue amejibiwa.

Kata tiketi ofisini, iandikwe jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wengi huona bei ya barabarani kuwa nafuu, wakapanda njiani kwa kumlipa kondakta mkononi. Tofauti ya bei ile ndiyo bei ya jina lako. Aliyepanda Rodi Kopany bila tiketi hayumo kwenye orodha yoyote, na basi likipata ajali ndugu zake watazunguka hospitali moja baada ya nyingine. Tiketi ikishapatikana, ipige picha pamoja na namba ya usajili ya basi, uitume kwa watu wawili: mmoja nyumbani, mmoja Nairobi. Kisha chukua kipande cha karatasi, uandike kwa kalamu ya wino namba tatu za simu na jina la mwenye kila namba, ukikunje, ukiweke nyuma ya kitambulisho ndani ya kile kijaladi cha plastiki. Simu huzima, simu huibwa, na namba za siku hizi hakuna anayezikumbuka kichwani. Karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yako ukiwa huwezi kusema. Mgonjwa aongeze juu yake ugonjwa wake na dawa anazotumia.

Basi huingia Country Bus, ile ambayo watu wameipa jina la Machakos Airport, kabla jua halijatoka. Dakika kumi za kwanza hapo ndizo za kuogopwa kuliko zote, na inafaa zitazamwe polepole. Mlango unafunguka na baridi inaingia. Kamagera, wale wapiga debe wa stendi, wamekwisha kuzunguka basi, wanagonga vioo, wanaita majina ya mitaa: Kayole, Kawangware, Githurai, Rongai. Ukishuka, mkono unatua juu ya begi lako kabla hujakanyaga chini, na sauti inasema, “Mzee, twende, gari ni hii hapa.” Begi likishachukuliwa miguu huifuata mali yake. Hapo mgeni ameshaacha kuamua aendako, ameanza kufuata. Dawa yake ni kutoshuka. Mabasi mengi huwaacha abiria walale vitini mpaka kupambazuke, na anayekuambia ushuke haraka kabla ya mwanga mwulize sababu. Subiri hadi mwanga uonyeshe nyuso, hadi mama wa chai awashe jiko na watu wa kazi waanze kupita. Ndipo umpigie mwenyeji wako, aje au akutajie gari kwa jina na namba, na begi lisiondoke mkononi mwako mpaka umfikie.

Mwenyeji naye aelekeze kwa makini, kwa kuwa Nairobi huitwa kwa majina yasiyoandikwa popote. Atakuambia shukia OTC, nawe utatafuta kibao cha OTC hadi uchoke. Atakuambia mkutane Hilton, na hoteli hiyo ilifungwa mwisho wa Desemba 2022. Atakuambia usimame Archives karibu na Tom Mboya, na sanamu ile ya mtu aliyezikwa Rusinga, kisiwani kwetu, kweli inavutia. Lakini wageni wote huambiwa wasimame pale, na wanaowinda wageni wanalijua hilo. Kutanieni ndani ya jengo lenye mlinzi: benki, duka kubwa, ukumbi wa hospitali. Ukipotea, usisimame katikati ya njia ukigeuka kila upande huku simu imeinuliwa. Ingia dukani au kwa mlinzi wa jengo, umuulize mtu ambaye kesho atakuwa pale pale. Huyo ana kazi na jina mahali hapo, hivyo naye anajulikana.

Hapa kuna pingamizi ambalo nalisikia kabla halijasemwa: Nairobi imejaa watu wetu, mgeni atakosaje ndugu? Ni kweli imejaa, na hiyo ndiyo njia ambayo wengi huumizwa kwayo. Mtu akisikia nyuma yake Kijaluo, “Omera, iwuok kanye?” (ndugu, unatoka wapi?), moyo hushuka, ulimi hufunguka, na kwa dakika tano amekwisha kutaja kijiji chake, jina la chifu, hospitali anayokwenda na aliyemtumia pesa. Lakini kuzungumza lugha moja si kujuana. Lugha hujifunzwa, na tapeli mzuri wa stendi huwa na lugha tatu nne za kumtosha kila basi linaloingia. Mtu wa kwetu wa kweli hutajwa na mtu mwingine unayemfahamu. Kuna njia rahisi ya kupima: mwambie, mwenyeji wangu yuko simuni, hebu ongea naye. Mwema atapokea simu. Tapeli atakumbuka ana shughuli. Ni mlango huo huo wa huruma na tamaa unaotumika kwenye ile hila ya kuangusha bunda la pesa mbele yako, mwenzake akakuambia mgawane kichochoroni, na kwenye pata potea ya karata ambapo wote wanaoshinda ni wa kundi moja. Mgeni hana deni la kusimama kwa mtu yeyote njiani.

Pesa siku hizi iko ndani ya simu, na mwizi wa Nairobi si lazima akuguse. Ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina MPESA na huonyesha salio lako jipya. Ukija kutoka namba ya kawaida, si pesa ni maneno. Mtu akipiga akilia kwamba amekutumia kwa makosa, usimrudishie wewe. Mwambie apeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456, na kampuni itaamua. Namba za matapeli zipeleke kwa 333. Kabla ya kubonyeza kitu cha mwisho soma jina linalojitokeza, maana limewekwa pale ulisome. Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu, ili aliyekupokonya asiihamishie kwenye kifaa kingine akaanza kuwaomba ndugu zako kwa jina lako. Ndani ya matatu usikae dirishani huku simu iko sikioni. Nauli ya kurudi nyumbani iwe noti, ikae mahali pake peke yake, isihesabiwe pamoja na pesa nyingine. Mwenye nauli ya kurudi anaweza kukataa jambo lolote analoambiwa na mji.

Wanaotafuta kazi na karatasi za serikali wana hatari yao, na hii humaliza ng'ombe wengi wa kijijini kuliko ugonjwa. Malipo ya huduma za serikali hupitia eCitizen, kwa namba 222222. Karani, dalali au mlinzi anayetaka pesa itumwe kwa namba yake binafsi hana huduma ya kukuuzia. Kujiunga na jeshi la KDF hakulipiwi, na bado vijana hufika kambini wakiwa na barua bandia za mwito walizouziwa. Anayeahidiwa kazi Saudi Arabia au Qatar aulize kwanza kama wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Mambo haya yote hujulikana ukiwa bado Sori, kwa simu moja. Ukisubiri kuyauliza ukiwa ofisini kwa dalali, ghorofa ya nne, mlango umefungwa, umechelewa.

Kuhusu mahali pa kulala nitasema kwa ufupi, ila kwa wanawake nitasimama kidogo. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa Nairobi kwa siku tofauti katika vyumba vya kukodi kwa muda mfupi, na tarehe 27 mwezi huo maelfu wakaandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Wapo waliouliza wanawake hao walifuata nini. Swali hilo ni la kikatili, na halimlindi yeyote. Linalomlinda msichana wetu ni kwamba asiwe na haya ya kusema anakwenda wapi. Tukimtisha kwa aibu atakwenda kimya, na ukimya ndio muuaji anaoutaka. Awe na rafiki mmoja asiyehukumu, anayetumiwa jina la jengo, namba ya chumba, namba ya gari na saa ya kurudi. Kinywaji kifunguliwe mbele yake na asikiache, kwa kuwa hila ya kutia dawa, ile wanayoiita mchele, huwapata wanaume pia, tena mara nyingi. Namba ya bure ya kusaidia waliodhulumiwa kijinsia ni 1195. Ya dharura ya polisi ni 999 au 112.

Askari wenyewe humtia mgeni hofu, na mwenye hofu hulipa. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inampa anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine, na, kwa kawaida, kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukisimamishwa, awe polisi au askari wa kaunti ambao watu huwaita kanjo, toa kitambulisho, jibu kwa adabu, uliza kituo unachopelekwa, na mpigie mtu wako umtajie kituo hicho kwa sauti. Adabu na sauti viende pamoja. Ukiibiwa, nenda kituoni uandikishe, upewe namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, hata kama huna tumaini la kupata kitu chako, maana bila hiyo kupata kitambulisho kingine kutakusumbua.

Kuna pingamizi la pili, na hili ni zito. Vijana wengi hutoka Sori ili wasijulikane. Wanataka kupumua mbali na macho ya shangazi, ya kanisa na ya ukoo, nami nawaambia wabebe macho hayo hayo hadi mjini. Historia yetu inawapa haki ya kushuku. Luo Union, ambayo Jaramogi Oginga Odinga aliiongoza miaka ya 1950, ilimpokea mgeni mjini, ikamsaidia akiugua na kumrudisha nyumbani akifa. Hakuna Mjaluo wa Nairobi, Kampala au Mombasa aliyekuwa peke yake. Lakini umoja huo huo uliwasaka wanawake walioonekana kuishi wapendavyo, ukawarudisha vijijini kwa nguvu. Vyama vya kikabila vilipovunjwa kwa amri ya serikali mwaka 1980, wapo waliopoteza kinga na wapo waliopata uhuru. Kwa hiyo sisemi kijana ajulikane na kila mtu. Achague mwenyewe nani amjue. Anaweza kuwa mwanafunzi mwenzake, mpenzi, mwajiri, jirani wa chumba cha pili. Watu wawili waliochaguliwa kwa akili wanatosha, na hawana ruhusa ya kumpangia maisha. Wana kazi moja tu, kushtuka akinyamaza.

Na wapo watakaosema nimeutukana mji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na karibu wote hulala salama wakaamka wakaenda kazini. Nakubali, na zaidi ya kukubali, naona huo ndio ushahidi wangu. Mama wa Gikomba anayenunua omena ya Karungu hapiti mji kwa ujasiri usio wa kawaida. Anajulikana na mbeba mizigo, na makanga wa gari lake, na mwenye choo cha kulipia, na muuza chai. Amejijengea Sori yake ndogo katikati ya soko, na mgeni huibiwa siku ambayo bado hajaijenga yake. Hofu haimsaidii kuijenga. Mwenye hofu humkimbia mlinzi wa jengo aliye tayari kumsaidia, kisha akamfuata mtu mwenye maneno matamu.

Neno langu la mwisho nawaelekezea wale ambao sasa ni wenyeji, mliopanga Dandora, Kibra, Pipeline na Kawangware, mliowahi kushuka mkiwa na begi moja. Tunawaambia wazazi wetu “njooni tu, mtatupata,” kisha simu inalia saa kumi alfajiri na tunaigeuza upande ilale. Mgeni anayepigiwa kelele na kamagera, betri ikiwa mwishoni, hana macho mengine jijini isipokuwa yetu. Ukiambiwa mtu wako yuko njiani, chaji simu, weka sauti juu, iweke karibu na mto. Basi la Sori huingia kabla ya mwanga.